Mabati Yaliyovishwa Shiromani

Klabu ya Wanafunzi wa Haiti pale chuoni Mahajanga ilikuwa na wanachama wa kujaza chumba, na kati yao Mhaiti alikuwa mmoja tu. Jina lake Fritznel. Baba yake alikuwa daktari, alikimbia kwao kwa mambo ya watawala, akazunguka na sanduku lake nchi hii na nchi ile mpaka kazi ikamtua Bukini, nchi ya Wamalagasi, na mwana akaingia chuo kusomea meno. Chuo kiliruhusu wanafunzi wa kigeni wawe na klabu, kila nchi na yake. Fritznel akaenda kuomba. Wakamuuliza, "Mko wangapi?" Akajibu, "Ndiyo kwanza tunaanza." Wakampa chumba nyuma ya kantini, kina meza, mabenchi mawili na jiko la mafuta ya taa, na hawakuuliza tena.

Sasa hao wengine waliingiaje? Faouzia na wenzake walikuwa watoto wa papo hapo Bukini, wengine wa Mahabibo, wengine wa Antanimasaja, yeye mwenyewe wa kisiwa cha Nosy Be, lakini mababu zao walitoka Komoro. Miaka michache nyuma zilipita siku mbaya Mahajanga. Watu wengi wa asili yao waliondoka na walichoweza kubeba, na waliobaki wakajifunza kuongea taratibu na kupiga ngoma kwa ncha za vidole. Nani angethubutu kuandika neno Komoro juu ya mlango wa klabu? Lakini Haiti! Haiti haikuwa na ugomvi na mtu. Hakuna aliyejua hata iko upande gani. Basi wakaingia mmoja mmoja, wakakaa kwenye mabenchi, wakawa Wahaiti.

Na walikuwa Wahaiti wazuri. Kila mwaka mpya Fritznel alipika supu ya boga, maana kwao ndiyo siku ya uhuru, na wote waliinywa wamesimama. Mwaka wa kwanza Faouzia, ambaye ndiye katibu, aliitia tui la nazi pasipo kuuliza. Fritznel akaonja, akaonja tena. Akasema huko kwao mtu angefungwa kwa jambo kama hilo, kisha akajaza bakuli.

Mwaka mmoja kimbunga kikapiga Nosy Be.

Habari zilimfikia Faouzia kwa mdomo wa binamu yake aliyekuja na meli kuuza vanila. Mji umesimama, alisema, watu ni wazima, alhamdulillahi, lakini mtaa wa kwao umebaki kichwa wazi. Paa la Koko Zaïnaba lilinyanyuka zima zima, likaonekana siku ya pili katikati ya shamba la mlangilangi, limekunjika kama sambusa.

"Na Koko mwenyewe?" Faouzia akauliza. Koko huyo ndiye bibi yake, mama wa mama yake, aliyemlea tangu mama mtu alipofariki.

"Analala chini ya kitanda. Yeye na kuku wake."

"Chini ya kitanda! Si nasikia serikali imepeleka mchele na mabati?"

"Imepeleka. Ameyarudisha." Binamu akajikohoza, akaigiza sauti ya Koko: "'Zaïnaba binti Mdahoma hajala sadaka tangu azaliwe, hataanza leo kwa sababu upepo umepita.' Basi alipokataa yeye, mtaa mzima umekataa. Nani awe wa kwanza kunyoosha mkono, na Koko amesimama mlangoni anatazama?"

Na masika ilikuwa bado haijaisha. Faouzia alirudi darasani akashindwa kusoma. Walikuwa wakijifunza meno yaliyooza, na kila jino lenye shimo juu aliliona nyumba ya Koko. Akaenda kwa mwenyekiti wake, akamweleza yote. Fritznel akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Klabu itafanya kazi," alisema, kwa kile Kifaransa chake cha kuimba. "Sanduku la michango mlangoni mwa kantini. Jumamosi, dansi. Jumapili, mpira."

Sanduku likakaa wiki nzima. Walipolifungua walikuta kiatu kimoja cha mguu wa kushoto, kitabu cha sarufi ya Kilatini, koti zito la manyoya, na taya la plasta ambalo mwanafunzi wa mwaka wa pili alikuwa amefeli nalo mtihani. Dansi ilikosa watu, maana saa ile ile vijana wa udaktari walionyesha sinema ya karate bure. Mpira walifungwa, na waliowafunga wakadai walishwe.

Faouzia alilishika lile taya mkononi. "Hili Koko akiliona atadhani tumemletea maiti kidogo kidogo."

Jioni akaenda Mahabibo kwa mama yake mdogo Charifa, mke wa baba yake mdogo, ambaye Faouzia alikuwa akikaa kwake. Mama Charifa alipika vitumbua vya kuuza, na tena alikuwa mkubwa wa kundi la akina mama wapiga tari. Alikuwa akigeuza vitumbua huku akisikiliza, na kila Faouzia alipotaja lile sanduku, kijiti chake kilisimama.

"Ngoja kwanza. Sanduku lina nini?"

"Lina tundu, mama mdogo. Mtu anatumbukiza."

"Tundu! Mtu atoe kitu chake akitumbukize gizani, nani amemwona? Mwanangu, nyinyi mmesoma meno mkasahau midomo. Mtu wa Mahabibo hatoi kwenye tundu. Anatoa mchana, kwa jina lake na la baba yake, na adui yake anasikia. Kamwite Athoumani."

Mzee Athoumani alikuwa mtangazaji wa mali za arusi. Maana kwa watu wale, mali ya arusi ikitoka kwa bwana kwenda kwa bibi haipiti kimya kimya kama mwizi. Inabebwa vichwani mitaani na tari nyuma, na mbele yake anatangulia mtu mwenye kinywa, anataja kila kitu na kila aliyetoa, na mwisho anaitaja nyumba inakokwenda. Kinywa hicho kilikuwa cha Athoumani tangu ujana wake. Amefiwa na mke, kanzu yake moja safi, meno yamebaki machache lakini sauti imebaki yote. Akianza Mahabibo, watu wa Tanambao wanazima redio.

Fritznel alipoletwa kumwamkia, alimtazama mdomoni kwa huruma ya kazi yake, kisha akamgeukia Mama Charifa. "Lakini mama, hii si arusi. Hii ni misaada."

"Mwanangu," Mama Charifa akamjibu, "unataka mabati au unataka maelezo?"

Fritznel akafikiri. "Mabati," akasema.

Ijumaa baada ya alasiri, mbele ya baraza ya Mama Charifa palijaa. Athoumani akapanda juu ya kinu kilichogeuzwa, akashika sikio moja, akafungua kinywa.

"Bati mojaaa! La Bi Mariamou, mke wa Soulé!"

Toka upande wa pili mwanamke akasimama. Alikuwa mke mwenzake. "Mawili ya kwangu! Na useme ni mapya!"

"Mabati mawili mapyaaa! Ya Bi Hadidja, mke wa Soulé!"

"Matatu!" akasema Mariamou. "Na misumari yake! Mimi sitoi bati likashikwe kwa mate!"

Soulé mwenyewe alikuwa akipita kwenye pusipusi, amelaza mgongo, mkokotaji anakokota. Aliposikia ameshatoa mabati matano na misumari kwa midomo miwili, akashuka, akaendelea na safari kwa miguu.

Kufika magharibi walikuwa na mabati ya mtaa mzima, magunia ya mchele, sufuria, maturubai na kamba. Fritznel alitaka vifungwe vipelekwe bandarini. Akina mama wakamcheka.

"Hivi hivi? Bati uchi? Lipite mbele ya watu uchi?"

Wakayavisha mabati shiromani, zile nguo zao nzuri za kujitanda, wakayafunga utepe kiunoni. Misumari ikawekwa kwenye masinia, ikamwagiwa maua ya asumini, ikafunikwa kawa. Maturubai yakafukizwa udi. Fritznel aliuliza udi ni wa nini kwenye turubai, akaambiwa turubai lisilonukia halipelekwi kwa mtu mwenye heshima zake. Na asubuhi walipoisindikiza mali bandarini, Mama Charifa alitangulia na tari, akapiga. Mara ya kwanza alipiga kwa vidole, kama walivyozoea tangu zile siku. Halafu akatazama nyuma, akaona mabati yanakuja yamevaa, yanameremeta, akapiga kwa kiganja kizima. Wanawake wengine wakasikia, wakapiga kwa viganja. Watu walitokeza madirishani, Wamalagasi na Wahindi na kila kabila, na hakuna aliyesema kitu ila kupiga vigelegele.

"Athoumani anakwenda na wanafunzi," Mama Charifa akaamua pale gatini. "Mali haisafiri bila kinywa."

Ilikuwa meli ndogo ya mizigo, nusu saruji, nusu mabati yenye utepe. Fritznel alikaa kwenye gunia la mchele akiandika hotuba kwa Kifaransa, kurasa tatu, juu ya undugu wa watu wa visiwa vyote duniani. Athoumani aliumwa na bahari tangu kutoka ghuba. Faouzia alikaa karibu na kichwa chake akimkamulia ndimu, na ili asahau tumbo lake akamsimulia habari za Koko: anavyopika pilau, anavyojua kupatana bei mpaka Mhindi anaomba maji, alivyomfukuza mtoza kodi kwa mwiko.

"Na mumewe?" akauliza Athoumani, macho ameyafumba.

"Alifariki zamani."

"Mm," akasema Athoumani, akaegemea ukingo wa meli akatapika.

Moyoni Faouzia alikuwa na mpango wake. Mali ikishuka, Fritznel asome kurasa zake gatini, watu wakisinzia yeye apite uchochoroni na mabati machache, amwangukie Koko miguuni, alie mpaka akubali. Kulia alikuwa anajua. Alilelewa na Koko, alijua ni machozi ya namna gani yanafanya kazi.

Lakini meli ilipofunga gatini Andoany, mji wa Nosy Be, na Athoumani akakanyaga nchi kavu, roho ikamrudi na sauti ikarudi nayo. Akaona watu wamejaa. Akaona mabati yanashushwa, shiromani zinapepea. Akamwona Fritznel anafungua makaratasi, anasema kwa Kifaransa, "Ndugu wapendwa wa kisiwa hiki." Na watu kimya. Athoumani hakuweza kuvumilia. Maisha yake yote hajaona mali imeshuka kimya. Akashika sikio.

"Mali imekujaaa! Imetoka Mahajanga kwa watu wenye majina! Mabati! Mchele! Misumari kwenye masinia! Yanakwendaaa…"

Hapo akakwama. Mali lazima itajiwe nyumba, isipotajiwa ni laana. Na katika kisiwa chote kile yeye alijua nyumba moja tu, aliyosimuliwa kwenye meli.

"…yanakwenda nyumba ya Zaïnaba binti Mdahomaaa!"

Gati lililipuka kwa vigelegele. Wasichana wakanyakua mabati kichwani, vijana magunia, mtu akaleta tari, wakaondoka. Fritznel alibaki na ukurasa wake wa kwanza mkononi.

"Wanakwenda wapi?" akamuuliza Faouzia.

"Tuwafuate," Faouzia akasema.

Walipofika kwa Koko, mlango ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Nyumba haina paa, ndege wanaingia na kutoka, lakini mlango umefungwa, na msafara wote ukasimama kwa adabu mpaka Faouzia abishe.

"Hodi!"

"Nani?" Sauti ikatokea juu, kwa njia ya mbinguni.

"Mimi, Koko. Faouzia."

Ufunguo ukalia. Koko Zaïnaba akatokea, mdogo kama kuku wa masika, amepaka liwa usoni, nguo imenyooshwa kwa pasi Mungu anajua aliipigia wapi. Akatazama mabati yaliyovaa. Akatazama masinia. Akamtazama mjukuu wake, kisha yule kijana mrefu mwenye miwani na makaratasi, anayetoka jasho karibu naye.

"Kumbe!" akasema, kwa kile Kikomoro chake kilichochanganyika na Kimalagasi. "Na mimi nilidhani unasoma."

"Koko…"

"Mtoto wa watu gani huyu?"

Faouzia akafungua mdomo aseme kweli. Ndani, nyuma ya bega la Koko, akaona kitanda, na chini ya kitanda mkeka uliolowa na kuku amelala. Juu ya kitanda akaona wingu, jeusi, zito, linatoka upande wa msitu wa Lokobe.

"Wa mbali, Koko," akasema.

"Si kosa. Hata babu yako alitoka mbali. Ingizeni mali, imesimama juani!"

Kilichofuata kiliwashinda Wahaiti wote wa Mahajanga kukielewa. Mali ya arusi haikai nyumba moja. Nyumba ya bibi arusi ikipokea, inagawa kwa majirani, na jirani asiyechukua amemtukana bibi arusi na ukoo wake. Koko alikaa kwenye kiti mbele ya mlango, akaanza kugawa. Kwa huyu mabati manne na misumari. Kwa yule turubai na sufuria. Wale wale waliorudisha mchele wa serikali walikuja wamevaa vizuri, wakapokea kwa mikono miwili, wakamwombea baraka, wakapiga vigelegele, wakaenda kuezeka.

"Tulikuwa na kamati ya ugawaji," Fritznel akanong'ona. "Tuliichagua. Kwa kura."

"Koko ndiye kamati," Faouzia akasema. "Wewe chukua nyundo."

Mgeni siku mbili, wanasema, ya tatu mpe jembe. Fritznel alipewa nyundo siku ile ile. Alipanda juu na vijana wa mtaa, na wanafunzi wenzake wakawa wanapitisha mabati, na Koko alikaa chini kivulini akimkagua mkwe wake kama mtu anayenunua ng'ombe. Kifaransa Koko hakujua. Kila neno lilipita kwa Faouzia.

"Muulize, kwao wana ardhi?"

Faouzia akainua uso. "Fritznel, anauliza kama umechoka!"

"Mwambie kidogo tu!"

"Anasema kidogo tu, Koko."

"Kidogo si haba. Muulize, ana mke mwingine?"

"Anauliza kama unataka sahani nyingine ya wali!"

"Hapana, asante! Moja inanitosha!"

"Anasema mmoja anamtosha."

Koko akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Vijana wa siku hizi wachache wanaosema hivyo. Na dini? Muulize, anaswali?"

Hapo Faouzia alihema kwanza. "Anauliza kama paa litashika!"

"Mungu akipenda!" akajibu Fritznel toka juu, na kidole akakielekeza mbinguni.

"Maashallah," akasema Koko, na hakuhitaji tafsiri.

Usiseme Faouzia hakuona aibu. Aliiona. Kila msumari ulipoingia alijiambia, huu ukiisha nitasema. Ukiisha aliona nafasi iliyobaki wazi, akajiambia, bado ule pale. Siku ya pili Koko akamwita shehe wa mtaa, wakaongea kwa siri na chai. Siku ya tatu jirani akaja kupima mikono ya Faouzia kwa ajili ya bangili. Arusi ilipangwa Ijumaa.

Fritznel alipata kujua akiwa juu ya paa. Athoumani, ambaye kila siku alikula pilau ya Koko na kutoa maoni kuhusu uezekaji akiwa amekaa chini, aliinua glasi yake ya chai na kumpongeza kwa Kifaransa cha bandarini.

"Bravo, Firisineli! Ijumaa! Mke!"

"Mke wa nani?"

"Wako!"

Nyundo ilianguka, na Fritznel nusura aifuate. Faouzia alimkuta ameshika boriti kwa mikono na miguu.

"Faouzia. Mimi namheshimu sana bibi yako. Lakini nina mchumba Antananarivo, na Jumanne nina mtihani wa magego."

"Najua."

"Unajua? Tangu lini?"

"Kimebaki kipande gani?"

"Bati moja. Lakini sikiliza…"

"Piga hilo bati, Fritznel. Piga, mimi nakwenda kusema."

Alimkuta Koko anachambua mchele. Akakaa chini, akasema yote: sanduku lenye tundu, Mama Charifa, mzee Athoumani na kinywa chake, na kwamba hakuna posa, hakuna bwana, kuna msaada tu wa watu wa Mahabibo. Machozi yalimtoka, na hakuwa ameyachagua. Juu yao nyundo iligonga mara ya mwisho, kisha kimya.

Koko aliacha kuchambua. Akatazama juu. Bati lilikuwa jipya, linang'aa kama sahani, hakuna mbingu.

"Kwa hiyo nimekula sadaka," akasema.

"Koko, nisamehe."

"Ngoja. Kwamba mimi nimekula, hilo nitasema na Mungu wangu. Lakini nimewalisha watu." Sauti yake ikashuka. "Mtaa mzima nimewagawia kwa mkono wangu. Wamepokea wakijua ni arusi. Ijumaa ikipita bila arusi, Jumamosi asubuhi utasikia misumari inang'olewa nyumba kwa nyumba, na watoto watalala tena kwenye maji. Wananijua mimi. Nimewafundisha wenyewe kiburi."

Akaukung'uta mchele kiganjani. Kisha Koko akasimama, akajitanda vizuri, akaita.

"Athoumani!"

Mzee akaja na glasi yake.

"Siku ile gatini, ulitangaza mali inakwenda nyumba ya nani?"

"Yako, bibi."

"Ulimtaja Faouzia?"

"Sikumtaja."

"Ulimtaja huyu kijana wa meno?"

"Hata. Jina lake linaniuma fizi."

"Ulimtaja nani?"

Athoumani akaanza kuona njia inakokwenda. Glasi ikalia kwenye kisahani. "Nilimtaja… Zaïnaba binti Mdahoma."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya gati zima."

"Na mali ilitoka Mahajanga. Na aliyekuja nayo toka Mahajanga, mwanamume mzima, hana mke, akaitaja nyumba yangu kwa kinywa chake, ni nani?"

"Bibi," akasema Athoumani, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo, "mimi nina miaka sabini. Nimekuja na kanzu moja."

"Mimi nina sabini na mbili, na sijaoza, na nguo ninazo. Sikukuuliza miaka. Nauliza: neno la mtangazaji linarudi, halirudi?"

Faouzia alimwona mzee anatazama huku na huku. Aliutazama mlango, uliokuwa wazi. Aliitazama sufuria ya pilau. Labda alikiona chumba chake cha Mahabibo na muhogo anaojichemshia, labda hakukiona, nani ajuaye. Akajinyoosha, akaifunga kishikizo kanzu yake ile moja.

"Nimetangaza arusi za watu tangu nina meno yote," akasema. "Sijarudisha neno hata siku moja."

"Basi weka glasi chini, isije ikavunjika. Ni ya mkeo."

Ijumaa wakaozwa. Mtaa ulisikia bibi arusi amebadilika, ukashangaa kama nusu saa, kisha ukasema kumbe ndivyo, maana jina lililotajwa gatini kila mtu alilisikia, na mali ni mali, na bwana hakuwa mbaya ukimtazama upande wa kulia. Hakuna msumari uliong'olewa. Fritznel alisimama upande wa bwana arusi kama ndugu yake, kwa kuwa wote wawili walitoka Mahajanga na hawakuwa na jamaa pale kisiwani. Shida ilikuwa moja: bwana arusi hatakiwi kutangaza chochote. Athoumani alikaa kwenye mkeka kimya mchana kutwa, akitoka jasho, akiuma midomo kila sinia lilipopita bila kutajwa.

Kwa watu wale nyumba ni ya mwanamke, na mume ndiye anayehamia. Kwa hiyo meli iliporudi Jumapili, Athoumani hakuwemo. Asubuhi hiyo Faouzia alikwenda kuaga. Fritznel alisimama nje na mifuko, anatazama wingu la Lokobe, safari hii limekuja kweli. Halikungoja waagane. Mvua ilishuka mara moja, nzito, ikapiga mabati ya Koko, na ya jirani, na ya jirani wa jirani, mtaa wote ukanguruma kwa pamoja kama meli inayong'oa nanga. Fritznel alikimbilia ndani. Wakasimama wote wanatazama juu, mwanafunzi wa meno, katibu wake, na bibi arusi. Hakuna tone. Kuku alikuwa amepanda juu ya kitanda, anajikung'uta manyoya makavu.

Athoumani akajitokeza toka chumba cha ndani, akasimama katikati ya ukumbi. Siku mbili alikuwa amenyamaza kwa heshima ya arusi, na sasa yalikuwa yamemjaa. Akashika sikio, akafungua kinywa, mishipa ikamtoka shingoni. Alikuwa anataja kitu, au anamshukuru mtu, au anaomba chai. Mvua ilimfunika mzima mzima. Mdomo ulionekana ukienda, na sauti iliyokuwa ikizima redio za Tanambao haikuvuka mkeka.

Koko alisogea, akaweka kiganja sikioni.

"Sema kwa sauti, bwana!" akapiga kelele. "Mwanamume gani huyu nimepewa? Sikusikii!"